Ofisi ya Mawakili Iliyohesabu Kete Upya: Tathmini ya Huduma ya Rufaa Mjini Mombasa

Tangu mpwa wangu arudi nyumbani kutoka gereza la Shimo la Tewa, jamaa na majirani wamekuwa wakiniuliza ni wakili gani aliyesimamia rufaa yake, alitoza kiasi gani, na kama kazi yake yafaa kuaminiwa. Nimeona afadhali niyaandike yote mara moja kuliko kuyarudia kila jioni barazani. Jina la ofisi silitaji, kwa kuwa nina malalamiko nayo ambayo hayajaisha na upande wake haujasikizwa. Itoshe kusema kwamba ni ofisi ndogo ya mawakili wawili na karani mmoja, katika ghorofa ya pili ya jengo kuukuu lisilo mbali na Treasury Square, ambako ngazi ni nyembamba na feni ya dari hufanya kelele kuliko upepo unaotoa. Kwa kazi ya kusoma jalada na kujenga hoja ya rufaa, naipa alama za juu kabisa. Kwa namna ilivyotuhudumia sisi wateja, naipa nusu, na hata nusu hiyo ni kwa hisani ya karani.

Niieleze kesi kwanza, maana huduma ya wakili haipimiki bila kujulikana mzigo aliotwishwa. Mpwa wangu ni dereva wa tuktuk. Jioni moja, yapata saa moja u nusu, alikamatwa kwenye maskani moja, yaani kijiwe cha vijana, huko Kisauni pamoja na mfuko mweusi wa plastiki ambao polisi walisema aliuangusha alipowaona. Ndani ya mfuko, walisema, mlikuwa na kete (pakiti ndogo ndogo) za unga, yaani heroini. Mfukoni mwake mlikutwa shilingi 1,350, nyingi zikiwa noti za hamsini na za mia. Alishtakiwa kwa ulanguzi wa dawa za kulevya kwa njia ya kuuza, chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994. Hakuwa na wakili. Alijitetea mwenyewe kwa maneno machache, akiuliza mashahidi maswali ya mtu aliyetishika, na hakimu akamtia hatiani na kumfunga miaka 10. Walioniambia kwamba alipata afueni hawakukosea sana, kwa sababu marekebisho ya mwaka 2022 yaliipa sheria hiyo makali mapya, na kwa ulanguzi wa kati ya gramu 1 na gramu 100 yanataja faini isiyopungua shilingi milioni 30, au kifungo cha miaka 30, au vyote viwili.

Ofisi hii haikuwa ya kwanza kuiendea. Kwanza tulielekezwa kwa bwana mmoja aliyetupokea vizuri, akatuagizia soda, akasikiliza kwa dakika tano, kisha akasema kwamba rufaa si suala la makaratasi bali ni suala la kujuana, na kwamba yeye anajuana. Hakuomba hata kuiona nakala ya hukumu. Dada yangu, mama wa kijana, alikuwa tayari kuuza cherehani yake siku hiyo hiyo. Nilimshika mkono tukashuka. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu bila shaka wapo wengine watakaosikia maneno kama hayo, na dalili yake ni hiyo hiyo moja: mtu anayetaja bei kabla ya kuisoma hukumu.

Katika ofisi ninayoitathmini, jambo la kwanza aliloliuliza wakili, ambaye ni mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, lilikuwa tarehe ya hukumu. Tulipomwambia, alihesabu kwa vidole na kusema, "Mzee wangu, mmebakiwa na siku tano." Kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinatoa siku 14 za kukata rufaa kutoka mahakama ya hakimu hadi Mahakama Kuu, na ingawa mahakama yaweza kumwongezea muda mwenye sababu nzuri, wakili alisema hapendi kuanza safari kwa kuomba msamaha. Hati ya rufaa ilisajiliwa siku mbili baadaye ikiwa na sababu za jumla, kwa makubaliano kwamba sababu kamili zitaongezwa mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, ukishapigwa chapa. Hapo alistahiki sifa. Hata hivyo, hakutuambia jambo ambalo nililijua baadaye kutoka kwa askari jela mmoja mwenye huruma, kwamba mfungwa anaweza kuikabidhi hati yake ya rufaa kwa mkuu wa gereza naye akaifikisha mahakamani, bila wakili na bila kulipa ada ya wakili. Mtu asiye na kitu asidhani mlango umefungwa. Sisi tungemchukua wakili hata hivyo, lakini mteja ana haki ya kulijua hilo kabla ya kufungua pochi.

Kisha tulikaa miezi minne tukisubiri mwenendo wa kesi upigwe chapa. Kuchelewa huko hakukuwa kosa la ofisi, ila kunyamaza kwake kulikuwa. Simu zilipigwa zisijibiwe, na ujumbe ulitumwa ukasomwa tu. Dada yangu alipanda matatu kutoka Kisauni mara tatu na kumkuta karani peke yake, kijana mpole aliyekuwa akimwambia, "Mamangu, jalada halijatoka, likitoka nitakupigia mwenyewe," na kwa kweli ndiye aliyepiga. Ada tuliyoelewana ilikuwa shilingi 120,000 kwa awamu tatu. Mwishoni tulilipa 148,000, na tofauti hiyo ilielezwa kwa neno moja, "gharama", ambalo ilinibidi nidai lichambuliwe. Lilipochambuliwa nilikuta ada za mahakama na nakala za mwenendo, ambazo sina ugomvi nazo, na shilingi 9,000 za "usafiri" kutoka ofisini hadi Mahakama Kuu, mwendo ambao mimi mwenye goti bovu nautembea kwa miguu.

Basi jalada lilipotoka, kurasa 94, ndipo nilipoona tulichokuwa tukikilipia. Mimi ni karani mstaafu wa bandari ya Kilindini. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuhesabu mizigo, nikilinganisha kilichoandikwa kwenye hati za meli na kilichoshuka kwa macho yangu, na nilidhani hakuna wa kunifundisha kuhesabu. Wakili alinionyesha karatasi ya mistari aliyoigawa kwa penseli katika safu, kila safu ikibeba jina la hati au namba ya shahidi, na chini yake idadi ya kete na ukurasa ilipotajwa. Hati ya mashtaka ilisema kete 28. Orodha ya vitu vilivyokamatwa ilisema 28 pia, lakini haikuwa na sahihi ya mpwa wangu wala maelezo ya kwa nini haina. Shahidi wa kwanza, afisa aliyemkamata, alisema walizihesabu pale pale maskani zikawa 26. Shahidi wa pili, aliyekuwa naye bega kwa bega, alisema hawakuzihesabu maskani kwa sababu watu walianza kujaa, bali walizihesabu kituoni. Fomu iliyotumika kupeleka vielelezo kwa mkemia wa Serikali ilisema 23, na ripoti ya mkemia ilithibitisha kupokea 23. Kati ya siku ya kukamatwa na siku ya kufikishwa kwa mkemia zilipita siku tatu, na katika kurasa zote 94 hakuna shahidi aliyesema kete hizo zililala wapi wala zilikuwa mikononi mwa nani.

Niliitazama karatasi hiyo kwa muda mrefu. Bandarini, hati ikisema magunia 28 na hesabu ya gatini ikitoa 23, hakuna karani atakayetia sahihi, na hakuna atakayekubali jibu la kwamba mwenzake alikosea kuhesabu. Kwa magunia 23 ya mchele mtu hafungwi miaka 10.

Wakili alitueleza, na hapa nataka kumnukuu kwa maana ingawa si kwa neno, kwamba rufaa si kesi inayoanza upya. Mashahidi hawaitwi tena. Jaji husoma kilichoandikwa. Lakini rufaa ya kwanza ina neema yake, kwa kuwa tangu uamuzi wa kesi ya Okeno ya mwaka 1972, mahakama ya rufaa ya kwanza inawajibika kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi wakisema. Nafasi hiyo hupatikana mara moja. Ukishindwa Mahakama Kuu na kwenda Mahakama ya Rufaa, kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinakubana kwenye hoja za sheria peke yake, na kete 28 au 23 huwa si mjadala tena. Ndiyo maana, alisema, ofisi yake hutumia muda mwingi kwenye safu za penseli kuliko kwenye vitabu.

Dada yangu hakuridhika na maelezo hayo. Alikuwa amempata jirani, mama muuza viazi karai, aliyekuwa tayari kuapa kwamba mfuko ule ulikuwa chini ya benchi kabla kijana hajafika. Akamleta mpaka ofisini, amevaa buibui jipya, ameshajiandaa. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akasema hatamtumia. Sheria, katika kifungu cha 358, yaruhusu mahakama ya rufaa kupokea ushahidi wa ziada ikiona haja, lakini haja hiyo ni vigumu kuionyesha pale ambapo shahidi alikuwepo mtaani muda wote wa kesi na hakuitwa, na tena, kuleta ushahidi mpya ni kukiri kwa namna fulani kwamba ule wa zamani una jambo la kujibiwa. Dada yangu alitoka analia. Wakati ule niliona wakili ni mgumu wa moyo, na hata sasa naona angeweza kulisema kwa upole zaidi, lakini kwa hoja hakukosea.

Hoja zenyewe zilikuwa nne, na sitazieleza zote kwa urefu sawa kwa sababu hazikuwa na uzito sawa. Hoja ya adhabu aliiweka mwisho, kwa aya moja, kama mtu anayeweka mwavuli mlangoni endapo mvua itanyesha. Hoja ya kwamba kifungu cha 74A cha ile sheria ya dawa za kulevya hakikufuatwa, yaani kile kinachotaka dawa zilizokamatwa zipimwe na sampuli kuchukuliwa, inapowezekana, mbele ya mtuhumiwa na wakili wake ikiwa anaye, aliiandika kwa kurasa mbili huku akituonya kwamba maneno "inapowezekana" humpa mwendesha mashtaka mahali pa kupenyea.

Uzito wote aliuelekeza kwenye mauzo. Tafsiri ya ulanguzi katika kifungu cha 2 cha sheria hiyo hiyo ni pana: inakusanya kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kusafirisha na mengineyo. Lakini Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2007 kwamba haitoshi kuandika neno ulanguzi likaelea, bali hati ya mashtaka itaje tendo lenyewe, na muhimu zaidi, ushahidi ulithibitishe tendo hilo hilo. Hati ya mpwa wangu ilitaja kuuza. Sasa, nani alimwona akiuza? Afisa mmoja alisema walipata habari kutoka kwa mdokezi, wakajificha umbali wa mita 30 hivi, wakamwona kijana "akimpa mtu kitu." Mtu huyo hakukamatwa. Kitu hicho hakikupatikana. Hakuna fedha zilizotiwa alama kabla, hakuna afisa aliyejifanya mnunuzi, na hakuna aliyesema maskani ile ilikuwa na taa au haikuwa nayo, ilhali jua lilikuwa limeshazama. Hakimu alilijaza pengo hilo kwa shilingi 1,350, akisema noti ndogo ndogo ni alama ya biashara ya kete. Wakili aliandika sentensi moja ambayo niliisoma mara mbili: kwamba noti ndogo ndogo ni alama ya biashara ya tuktuk pia, na kwamba shahidi wa kwanza mwenyewe, kwenye ukurasa wa 31, alikiri kwamba tuktuk ya mshtakiwa ilikuwa imeegeshwa hapo hapo ikiwa bado na joto la injini.

Nilimuuliza kwa nini asiupige nyundo huo ukweli kwamba mnunuzi hakuitwa mahakamani, maana mimi niliona ndiyo hoja ya kumaliza kazi. Akaniambia, kwa uvumilivu ambao sikuutarajia, kwamba hoja ya shahidi asiyeitwa ina kingo mbili. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Ushahidi kinasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayohitajika kuthibitisha jambo, na mdokezi hulindwa asitajwe. Kwa upande mwingine ipo kesi ya Bukenya ya mwaka 1972, inayoruhusu mahakama kudhani kwamba shahidi muhimu ambaye hakuitwa angesema kinyume cha upande wa mashtaka, lakini dhana hiyo huja pale ushahidi ulioletwa unapokuwa haba. Kwa hiyo kazi ni kuonyesha kwanza kwamba ulioletwa ni haba. Nilijiona kama karani mgeni anayefundishwa kusoma hati za meli.

Jambo jingine ambalo sikuwahi kulifikiria ni la kesi kurudiwa. Nilidhani mahakama ikifuta hukumu, mtu huenda nyumbani. Kumbe kifungu cha 354 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kufuta na kumwachilia, kubadilisha kosa, kupunguza au hata kuongeza adhabu, na pia kuamuru kesi isikilizwe upya. Wapo mawakili, alisema, wanaokimbilia kasoro za utaratibu kwa sababu ni rahisi kuonekana, kama vile mkalimani asiyerekodiwa, wakashinda, kisha mteja akarudishwa kizimbani kuanza mwanzo, na safari hii upande wa mashtaka umeshajua mashimo yake yako wapi. Kesi ya Manji ya mwaka 1966 inasema amri ya kurudia kesi hufaa pale kesi ya kwanza ilipokuwa batili au yenye kasoro, si pale hukumu inapofutwa kwa upungufu wa ushahidi, wala si kwa ajili ya kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo. Ndiyo sababu aliiacha nje kwa makusudi hoja moja ya utaratibu ambayo mimi, kwa ujuzi wangu wa barazani, niliipenda sana. Uamuzi wa kuacha hoja ni huduma ambayo mteja haioni kwenye risiti, nami naitaja kwa sababu naamini ndiyo iliyotuokoa.

Hapa ni lazima nilitaje doa kubwa. Wakili wa pili wa ofisi hiyo, kijana, alitushawishi tulipe shilingi 20,000 zaidi kwa ombi la dhamana wakati rufaa inasubiriwa. Alitueleza kana kwamba ni jambo la wiki mbili. Ombi lilikataliwa, kwa sababu ambazo wakili mkubwa alipoulizwa baadaye alikiri kuwa ni za kawaida: aliyekwisha kutiwa hatiani hana tena ile dhana ya kutokuwa na hatia, na ni lazima aonyeshe kwamba rufaa yake ina uwezekano mkubwa wa kushinda au kuna hali ya kipekee. Wakati ule hata mwenendo wa kesi haukuwa umepigwa chapa, kwa hiyo hakukuwa na cha kuonyesha. Ombi hilo halikupaswa kuwasilishwa mapema hivyo, na fedha zile hazikurudishwa. Dada yangu alikuwa ameshanunua godoro.

Siku ya kusikilizwa, mpwa wangu alionekana kwenye skrini akiwa gerezani, picha ikikatika katika. Hoja za maandishi zilikuwa zimeshawasilishwa na pande zote mbili, kwa hiyo kilichobaki kilichukua kama dakika 25. Hoja zote ziliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida, na ofisi haikuona haja ya kutupa hata muhtasari wa Kiswahili mpaka nilipoomba. Karani ndiye aliyekaa nami kwenye benchi la ukumbini akinifasiria aya kwa aya. Mwendesha mashtaka, kwa haki yake, hakuwa mkaidi. Alikubali kwamba idadi zinapishana, akasema ni makosa ya kibinadamu ya kuhesabu, na akaomba kwamba ikiwa mauzo hayakuthibitishwa, basi mahakama ibadilishe kosa liwe la kupatikana na dawa tu. Jaji aliuliza swali moja: kama ni makosa ya kuhesabu, ni nani kati ya mashahidi aliyesema hivyo? Ukurasa haukupatikana.

Hilo la kubadilisha kosa ndilo lililonikosesha usingizi kwa wiki saba tulizosubiri hukumu. Hukumu iliposomwa, jaji alianza na mauzo, akaona kwamba kumpa mtu asiyejulikana kitu kisichojulikana gizani hakufikii kuthibitisha kuuza heroini. Kisha akaja kwenye kupatikana nazo, akasema kwamba hilo nalo linadai mtu awe nazo na ajue anazo, na kwamba kete zilizochunguzwa na mkemia haziwezi kuunganishwa kwa uhakika na mfuko uliookotwa maskani, kwa kuwa idadi inapishana mara tatu na siku tatu hazina maelezo. Aliongeza jambo ambalo wakili alikuwa ameligusa kwa aya fupi tu: kwamba hakimu, aliposema haoni kwa nini polisi wamsingizie mshtakiwa, alikuwa amemtwika mshtakiwa mzigo usio wake. Rufaa ikakubaliwa, hukumu ikafutwa, na akaamuru aachiliwe isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine ya kisheria. Jioni ya siku hiyo alitoka, amekonda, akiwa na mfuko wa nailoni wenye shati moja.

Wapo watakaosema kwamba kijana aliponea kwenye hesabu, na kwamba unga unamaliza watoto wetu wakati sisi tunashangilia penseli. Mtaani kwetu mateja, yaani waraibu wa unga, tunawajua kwa majina ya baba zao, na nimezika vijana wawili wa jirani, kwa hiyo sihitaji kuambiwa unga ni nini. Lakini sioni jinsi kumfunga dereva wa tuktuk kwa kete ambazo hakuna anayejua zilikuwa ngapi kunavyomkera anayezileta kwa jahazi.

Kwa mwenye kufikiria kuiendea ofisi hii au yoyote ya namna yake, nashauri aende na nakala ya hukumu na hati ya mashtaka mkononi siku ile ile ya kwanza, asingoje mwenendo kamili. Aombe makubaliano ya ada kwa maandishi, gharama zote zikitajwa kimoja kimoja, na akiambiwa dhamana, aulize kwanza ni hoja gani itakayoonyeshwa. Amwombe wakili amwonyeshe, kwa ukurasa na mstari, mahali ushahidi ulipopungua. Wakili wetu alipoulizwa hivyo aliufungua ukurasa wa 31 bila kutafuta.

Kumebaki shilingi 1,350. Jaji aliamuru zirudishwe, na hadi ninapoandika hazijarudi. Nilipoiuliza ofisi, nilijibiwa kwamba kuzifuatilia ni kazi nyingine yenye ada ya shilingi 5,000. Mpwa wangu ameandika barua mwenyewe, kwa mkono, na ameambatisha nakala ya ukurasa wa mwisho wa hukumu. Ameipeleka mara mbili.